Profesa asiye na kazi: kisa cha Wangari Maathai mwaka 1982

Mapema mwaka 1982, mwanamke mmoja wa Nairobi aliyekuwa akikaribia kutimiza miaka 42 alijikuta hana mume, hana kazi, na ametakiwa aihame nyumba aliyokuwa akiishi. Hakuwa mtu wa kupita njiani. Alikuwa Profesa Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu, mtu aliyewahi kuiongoza idara ya anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na ambaye wakati huo alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya. Wengi wanamfahamu kwa Tuzo ya Amani ya Nobel aliyopewa mwaka 2004, na kwa sababu hiyo maisha yake husimuliwa kama safari ya kupanda tu, ambamo kila pigo lilikuwa daraja la ushindi uliofuata. Mimi ninaona kwamba usimulizi wa namna hiyo unaficha sehemu yenye manufaa zaidi kwa msomaji, hasa msomaji wa kike aliyevuka miaka 40, yaani ile miezi ambayo hakuna aliyejua kwamba tuzo itakuja, wala yeye mwenyewe.

Nimeichagua miezi hiyo kwa sababu nyingine pia. Semina nyingi za wanawake wa umri wa kati siku hizi hufundisha kwamba mwanamke aanze kwa kujikubali na kujipenda, ndipo nguvu zimjie. Kisa hiki, ukikifuatilia kwa tarehe zake, kina mpangilio tofauti. Kwanza yalikuwepo mambo ya kushikika: nyumba ndogo, kundi la wanawake, na kazi ambayo haikuhitaji barua ya ajira. Juu ya hayo zikajengeka nguvu. Kujikubali kulionekana hadharani miaka saba baadaye, nako kulionekana siku alipotukanwa.

Sifa zilizokuwa zikimshikilia

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Mwaka 1960 alikwenda Marekani pamoja na mamia ya vijana wa Kenya waliopata nafasi za masomo huko, akasoma biolojia katika jimbo la Kansas, kisha akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Aliporudi mwanzoni mwa mwaka 1966 alikuwa na barua ya kazi mkononi, lakini alipokwenda kuripoti aliambiwa nafasi ile imekwisha kupewa mtu mwingine. Aliyemwokoa ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akiijenga idara ya anatomia ya mifugo, na ndipo binti aliyesomea biolojia akaanza maisha ya maabara. Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1971.

Mwaka 1969 alikuwa ameolewa na Mwangi Mathai, na mwaka 1974 mumewe akachaguliwa kuwa mbunge wa Lang'ata. Hapo sifa zikawa mbili, na kila moja ilikuwa na masharti yake. Profesa alitarajiwa awe sawa na wanaume wa idara. Mke wa mbunge alitarajiwa apokee wageni kwa tabasamu, ajue kupika vya kutosha, avae kwa staha ya mke wa Kiafrika, na asionekane kumpita mumewe kwa lolote. Kwa maelezo yake ya baadaye, alijitahidi sana kuzitimiza zote mbili, na ni jitihada hiyo ambayo wanawake wengi wenye elimu na kazi nzuri wanaitambua mara moja: unarudi kutoka kazini ulikoongoza kikao, ukifika mlangoni unajipunguza kimo.

Chuoni alikuwa na vita nyingine. Masharti ya kazi ya wakati ule yaliwatendea wahadhiri wa kike walioolewa kana kwamba nyumba na mafao mengine ni jukumu la waume zao, hata pale ambapo mhadhiri wa kiume mwenye cheo kile kile alipewa yote bila kuulizwa kuhusu mkewe. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walidai haki sawa, wakapata sehemu ya walichokidai, na wakapata pia sifa ya kuwa wasumbufu. Taarifa hii ni ndogo, lakini tutaihitaji, kwa sababu mtu aliyepigania nyumba ya chuo ndiye aliyekuja kutolewa katika nyumba ya chuo.

Mumewe aliondoka nyumbani mwaka 1977. Mwaka 1979 kesi ya talaka ilisikilizwa mahakamani mbele ya waandishi wa habari, na Nairobi nzima ikasoma magazetini kwamba mke anatuhumiwa kwa uzinzi, kwa ukatili, na hata kwa kumsababishia mumewe shinikizo la damu. Maneno yanayonukuliwa mara kwa mara kuwa ndiyo malalamiko ya mume ni kwamba mke huyo alikuwa na elimu mno, nguvu mno, mafanikio mno, ukaidi mno, na hatawaliki. Mahakama ilimpa mume ushindi. Baadaye, katika mahojiano na jarida la Viva, Wangari alisema kwamba jaji aliyetoa hukumu ile ama hana uwezo wa kazi yake ama amekula rushwa, na kwa kauli hiyo akahukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama. Alikaa siku tatu katika gereza la wanawake la Lang'ata kabla ya wakili wake kufanikisha kuachiliwa kwake. Mume naye akataka jina lake lirudishwe, na Wangari, ambaye kazi zake za kitaaluma zilikuwa zimekwisha kuchapishwa kwa jina hilo, akaongeza herufi moja tu, Mathai ikawa Maathai, na kuendelea na safari.

Watu wanaipenda sana hadithi ya herufi ile, na ni kweli inachekesha. Hata hivyo tusiharakishe kuifanya ushahidi kwamba mwanamke huyu alikuwa amejikubali mwaka 1979. Kwa maelezo yake mwenyewe kesi ile ilimuumiza na kumfedhehesha, na gharama zake zilimwachia hali ngumu ya fedha. Mshahara wa chuo haukutosha kulipa madeni na kulea watoto watatu, kwa hiyo akachukua kazi ya miezi kadhaa ya Umoja wa Mataifa yenye makao Lusaka, Zambia, iliyomlazimu kusafiri huku na huku, na watoto wakapelekwa kwa baba yao. Walikaa huko miaka kadhaa. Mama aliyepeleka watoto kwa mume aliyeachana naye, katika jamii ambayo ingemsamehe mwanamke mambo mengi kabla ya hilo, hakuwa mtu anayetembea kifua mbele.

Jinsi alivyokosa vyote kwa mpigo

Mwaka 1982 kiti cha ubunge huko Nyeri kilikuwa wazi na uchaguzi mdogo ukatangazwa. Wangari aliamua kugombea. Sheria ilimtaka mfanyakazi wa chuo kikuu ajiuzulu kwanza, naye akajiuzulu, akiachana na taasisi aliyoitumikia kwa miaka 16. Alipokwenda kuwasilisha karatasi zake aliambiwa hafai kugombea kwa kuwa hakujiandikisha upya kuwa mpiga kura kabla ya uchaguzi wa mwaka 1979. Alikwenda mahakamani akashindwa. Akageuka haraka kurudi chuoni kuomba aifute barua ya kujiuzulu, na jibu alilopewa ni kwamba nafasi yake imekwisha kujazwa. Mafao ya miaka yote ile yakapotea, na kwa kuwa hakuwa tena mfanyakazi, akatakiwa aondoke katika nyumba ya chuo.

Tukumbuke mazingira. Chansela wa chuo alikuwa Rais wa nchi. Juni mwaka huo huo Kenya ilifanywa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja, na tarehe 1 Agosti likatokea jaribio la mapinduzi lililofuatwa na msako mkali. Baraza la wanawake aliloliongoza lilikuwa limekwisha kupata misukosuko ya kisiasa: mwaka 1979 aligombea uenyekiti wake akashindwa kwa kura chache, na aliposhinda mwaka 1980, shirika la Maendeleo ya Wanawake, lililokuwa na wanachama na fedha nyingi zaidi, likajitoa na kuliacha baraza karibu mikono mitupu. Kwa hiyo hata cheo pekee kilichombakia hakikuwa na mshahara.

Kama tungekuwa tunaandika ripoti ya mshauri nasaha aliyempokea mwanamke huyu mwezi ule, tungeorodhesha hasara zake bila shida. Swali gumu zaidi, na ambalo washauri wengi hulipita upesi, ni kuhusu vilivyobaki.

Vilivyobaki

Cha kwanza kilikuwa nyumba. Miaka kadhaa kabla ya misukosuko hiyo alikuwa amenunua nyumba ndogo katika mtaa wa South C, Nairobi, na alipotolewa katika nyumba ya chuo alihamia huko. Sijui msomaji ataliona hili kwa uzito gani. Mimi ninaliona kuwa ndilo jambo zito kuliko yote katika kisa hiki. Mwanamke aliyepoteza ndoa na kazi lakini ana mlango ambao hakuna mtu anayeweza kumwambia autoke, ana muda wa kufikiri. Asiye na mlango huo hurudi kwa kaka yake au kwa shangazi, anapewa godoro sebuleni, na kila asubuhi hukunja shuka mapema kabla wenye nyumba hawajaamka ili asionekane mzigo. Fikra zake zote huishia kwenye swali la atakaa hapo mpaka lini. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajikubali ni kumtaka afanye kazi ya moyo wakati hana hata mahali pa kuweka sanduku lake.

Cha pili ilikuwa miche. Wazo la kupanda miti lilianza katikati ya miaka ya 1970, wanawake wa vijijini walipoeleza katika vikao vya baraza kwamba wanakosa kuni, maji safi, malisho ya mifugo na chakula cha kutosha. Wangari, aliyekulia katika milima ile ile na kukumbuka vijito vilivyokuwa vimekauka, aliona mambo hayo yote yana mzizi mmoja. Jaribio lake la kwanza la biashara ya miche halikufika mbali. Tarehe 5 Juni 1977, chini ya mwavuli wa baraza, ilipandwa miti 7 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, kwa heshima ya watu 7 wa kumbukumbu kutoka jamii mbalimbali za Kenya, na sehemu kubwa ya miti ile ikafa. Shabaha iliyowekwa ilikuwa mti mmoja kwa kila Mkenya, yaani kama miti milioni 15 kwa idadi ya watu ya wakati ule. Mkuu wa uhifadhi wa misitu alicheka, akaahidi kutoa miche yote bure, na kabla ya mwaka kwisha akalazimika kuiondoa ahadi yake, kwa kuwa wanawake walikuwa wamekuja kuichukua kwa wingi asioutazamia.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na inafaa tutazame kwa karibu. Kwa kuwa miche ya serikali haikutosha, wanawake ilibidi waioteshe wenyewe. Maofisa wa misitu walikuja kuwafundisha, wakazungumza kuhusu mwinamo wa kitalu, aina ya udongo, vifaa maalumu na mielekeo ya jua, mpaka wanawake, ambao wengi hawakupita darasa la juu, wakaanza kuona kwamba kupanda mti ni jambo la mabwana wenye vyeti. Wangari aliwaambia waachane na hayo, watumie akili ile ile wanayoitumia kupanda mahindi na maharage. Wakaanza kuokota mbegu chini ya miti iliyokuwa karibu na mashamba yao. Waliotesha katika mikebe iliyotobolewa chini kwa msumari na katika vyungu vilivyopasuka, wakaiweka mahali pa juu ambapo mbuzi na kuku hawafiki. Waliobuni njia nzuri waliwafundisha wenzao wa kikundi kinachofuata. Kila kikundi kilihesabu miche yake na kutoa taarifa, na mche uliohamishiwa shambani ulitazamwa tena baada ya miezi kadhaa. Uliokuwa hai ulilipiwa senti 4 za Kimarekani.

Hesabu hiyo haikuwa kubwa hata kwa wakati ule. Lakini mkulima wa kike wa miaka 50, ambaye kahawa ya shambani ililipwa kwa jina la mumewe, alikuwa sasa anapokea fedha iliyotokana na kitu alichokiotesha, alichokihesabu na alichokitolea taarifa mwenyewe. Watu waliwaita wanawake hao wataalamu wa misitu wasio na diploma. Na pembeni yao, mwaka 1982, alisimama profesa mwenye diploma zote, asiye na mahali pa kuzitumia.

Ninashawishika kwamba katika miezi ile alijifunza kutoka kwao zaidi ya walivyojifunza kutoka kwake. Mpaka hapo thamani yake ilikuwa ikithibitishwa na watu wengine: chuo kwa cheo, mume kwa jina, jamii kwa kukubali au kukataa. Wanawake wa vitaluni hawakuwa wamethibitishwa na mtu yeyote, na kazi yao ilisimama pale pale ikionekana, mche hai au mche uliokufa. Kazi ya namna hiyo ina rehema ya pekee kwa mtu aliyefedheheka, kwa sababu haimwulizi historia yake.

Mgeni kutoka Norway

Sehemu hii ni fupi na ina bahati ndani yake, wala si vizuri kuificha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mfuko wa Umoja wa Mataifa uliohusika na wanawake uliipatia kazi ya miti dola 122,700, kiasi kilichozidi sana chochote ambacho baraza lilikuwa limewahi kukishika. Karibu na wakati huo akafika Nairobi Wilhelm Elsrud, mkurugenzi wa Chama cha Misitu cha Norway, akitafuta watu wa kushirikiana nao. Alimkuta Wangari yupo. Walikubaliana kwamba awe mratibu wa kazi hiyo muda wote, kwa posho ya wastani. Kazi hiyo ya miti, iliyojulikana kama Green Belt Movement, na ambayo mpaka hapo ilikuwa jambo la baada ya saa za kazi, ikapata mtu aliyeishughulikia kutwa nzima kwa sababu mtu huyo alikuwa amekosa mahali pengine pa kwenda.

Wapo watakaosema kwamba hapa Mungu alifunga mlango huu akafungua ule. Sina ugomvi na imani hiyo, ila nataka tuone kwamba mgeni hakuikuta nyumba tupu. Alikuta vikundi, vitalu, hesabu za miche na mwanamke anayezijua zote kwa kichwa, mambo yaliyoandaliwa kwa miaka mitano wakati hayakuwa na faida yoyote kwa mwenye kuyaandaa.

Mwaka 1989

Kama tunataka kujua ni lini mtu amejikubali, tusimwulize yeye. Tumtazame anapoguswa pale palipokuwa na kidonda.

Mwaka 1989 ulijulikana mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya watu wote katikati ya Nairobi, lenye ofisi, maduka, ukumbi na sanamu ya Rais. Wangari, sasa akiwa na miaka 49, aliandika barua kwa wizara, kwa mashirika ya kimataifa na kwa balozi wa Uingereza mjini Nairobi, akiuliza kama jengo kama hilo lingeruhusiwa Hyde Park, bustani ya watu wote mjini London. Novemba mwaka huo wabunge walisimama bungeni mmoja baada ya mwingine kumshambulia, na pamoja na mengine wakasema kwamba Green Belt Movement ni kundi la wanawake walioachika. Mwezi uliofuata Rais alisema hadharani kwamba mwanamke wa Kiafrika anayefuata mila huheshimu wanaume na kunyamaza.

Angalia sasa kilichotokea. Miaka kumi nyuma, neno la talaka lilimpeleka mwanamke huyu mahakamani, gerezani na Lusaka, na kumtenga na watoto wake. Sasa neno lile lile linatamkwa na Bunge zima la Jamhuri, nalo halipati pa kushika. Jibu lake lilikuwa kwamba mjadala wa bustani unahitaji viungo vilivyo juu ya shingo, na kwamba wanaopenda kuzungumzia vilivyo chini wakafanye hivyo kwa nafasi yao. Maneno hayo yalitoka kwa mtu aliyekuwa profesa wa anatomia. Chuo kilimnyima kazi na mafao, lakini taaluma ilikuwa bado mali yake, naye aliitumia kama mtu anayetumia kisu cha jikoni kwake.

Wahenga wanasema ukubwa jaa, wakimaanisha kwamba mtu mzima hutupiwa kila takataka na hana budi kustahimili. Wanawake wa makamo wamehubiriwa msemo huo mpaka ukawa kifungo. Katika kisa hiki mwanamke mtu mzima alitupiwa takataka na akaichambua mbele ya watu, akionyesha ipi inahusu hoja na ipi inamhusu aliyeitupa. Huo si uvumilivu wa jaa. Ni hali ya mtu ambaye hana tena heshima ya kukopa kwa wengine, kwa hiyo hawana cha kumnyang'anya.

Serikali ilimtoa katika ofisi alizokuwa akizitumia, na kazi zote zikahamia kwenye nyumba ya South C, watu wakaandika taarifa za miche sebuleni na kwenye vyumba vya kulala. Mwanzoni mwa mwaka 1990 wafadhili walikuwa wamekwisha kurudi nyuma, na baadaye uzio uliozungushiwa eneo la ujenzi ukaondolewa na mpango wa jengo ukafa. Januari 1992, polisi walipokuja kumkamata, alijifungia katika nyumba hiyo hiyo kwa siku tatu mpaka wakakata vyuma vya dirisha kumfikia.

Kisa hiki hakitoshi wapi

Ningekuwa ninadanganya kama ningekiacha hapo, kana kwamba kila mwanamke wa miaka 41 aliyeachika anaweza kukifuata. Wangari alikuwa na elimu ambayo hakuna mtu angeweza kuifuta, Kiingereza kilichofungua ofisi za New York na Oslo, na marafiki walioweza kumtajia jina lake kwa watu wenye fedha. Tena gharama ililipwa na watoto pia, ambao miaka yao ya udogo bila mama nyumbani haikurudishwa na tuzo yoyote. Wanaomsifu huipita sehemu hiyo haraka, na wanaomlaumu huing'ang'ania hiyo peke yake, ilhali baba aliyesafiri kwa kazi miaka ile hakuulizwa.

Lakini kinachokosekana zaidi kwa wengi ni ile nyumba. Mwaka 1983, mwaka mmoja tu baada ya matukio tuliyoyachambua, Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa, na tangu hapo majaji wa Tanzania wamekuwa wakiirejea hukumu hiyo. Bi Hawa mwenyewe aliondoka mahakamani bila nyongeza yoyote, kwa kuwa ilionekana alikuwa ameitumia vibaya fedha aliyopewa na mumewe kwa ajili ya biashara ya familia. Wanawake wengine ndio walionufaika na hoja iliyojengwa kwa jina lake. Nchini Kenya, katiba ya mwaka 2010 iliwapa wanandoa haki sawa ndani ya ndoa na inapovunjika, na Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 ikautambua mchango usio wa fedha, ikiwemo kazi ya nyumbani na malezi ya watoto. Hata hivyo Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifafanua kwamba usawa huo haumaanishi kugawana nusu kwa nusu moja kwa moja, bali kila upande uonyeshe mchango wake.

Kwa hiyo mwanamke wa miaka 50 anayetoka katika ndoa leo mjini Nakuru au Kisumu bado atatakiwa athibitishe. Kama alilipia saruji kwa fedha ya chama cha kuweka akiba, atafute daftari la chama. Kama alituma fedha za fundi kwa simu, aombe taarifa za miamala kutoka kampuni ya simu. Kama alikaa nyumbani miaka 25 akilea, atafute majirani watakaosimama kusema walichokiona. Mshauri nasaha atakayempokea angefanya vizuri kumwuliza habari za hati, daftari na kikundi chake katika kikao cha kwanza, na kuyaacha maswali ya moyo kwa kikao cha tatu au cha nne, atakapokuwa amekwisha kujua usiku huo atalala wapi.